Kumbukumbu za ukoo wa Ireland zikikatika: rejista za parokia, vitabu vya ardhi, nyaraka za ughaibuni au DNA?

Anayetafuta mababu zake wa Ireland huanza kwa raha. Sensa ya 1901 na ya 1911 zipo zote, bure, kwenye tovuti ya Nyaraka za Taifa za Ireland. Picha za rejista za vizazi, ndoa na vifo zipo bure kwenye irishgenealogy.ie. Jioni moja inatosha kumpata babu, baba yake, pengine na babu yake. Kisha njia inakatika, mara nyingi mahali fulani kati ya 1800 na 1864, na kila ukurasa unaofungua una watu watano wenye jina lilelile.

Hapo ndipo fedha na muda hupotea, kwa sababu kila mtu ana ushauri wake. Tunalinganisha hapa njia nne kuu za kuendelea, na chache ndogo za pembeni. Msimamo wetu tuuseme mapema: kwa familia za wakulima wapangaji, ambao ndio walikuwa wengi, vitabu vya ardhi vinadharauliwa kuliko njia zote ilhali ndivyo vinavyounganisha vizazi vizuri zaidi. DNA nayo inanunuliwa mapema mno.

## Nini hasa kilipotea

Tarehe 30 Juni 1922, katika mapigano ya Four Courts, majengo ya mahakama mjini Dublin, jengo la Ofisi ya Nyaraka za Umma lililipuka na kuungua. Sensa za 1821, 1831, 1841 na 1851 ziliteketea karibu zote, pamoja na wasia za karne nyingi na rejista nyingi za Kanisa la Ireland, yaani Waanglikana. Lakini moto huo unalaumiwa hata kwa makosa ya wengine. Sensa za 1861 na 1871 ziliharibiwa na serikali yenyewe baada ya hesabu kukamilika. Za 1881 na 1891 zilisagwa kuwa karatasi taka wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1921 hakukuwa na sensa kabisa kwa sababu nchi ilikuwa vitani. Ya 1926 ilihesabiwa 18 Aprili, na kwa sheria ya miaka 100 muda wake wa kufunguliwa ni Aprili 2026.

Jambo la kushika ni hili: rejista za Kikatoliki hazikuwa katika jengo lile. Zilikuwa parokiani. Vitabu vya kodi ya ardhi navyo vilisalimika. Kwa hiyo anayekwambia kwamba "kila kitu kiliungua" usimsikilize.

Kuna mabaki mawili ambayo yanastahili dakika kumi zako kabla ya kulipia chochote. La kwanza ni Virtual Record Treasury of Ireland, mradi uliofunguliwa Juni 2022, ambao unakusanya nakala na dondoo za vilivyoungua kutoka hifadhi nyingine na kuziweka bure mtandaoni. La pili ni fomu za maombi ya pensheni. Sheria ya 1908 iliwapa pensheni wazee wa miaka 70 na kuendelea, na wazee hao hawakuwa na vyeti kwa kuwa usajili wa vizazi ulianza 1864. Basi waliomba makarani wawatafute kwenye sensa za 1841 na 1851. Sensa zenyewe ziliungua, fomu zikabaki, na baadhi zina majina ya wazazi na ya kaka na dada wote waliokuwa nyumbani. Tafuta jina la mzee yeyote wa ukoo aliyebaki Ireland, hata kama si babu yako wa moja kwa moja.

Pensheni hiyo pia ndiyo sababu umri wa watu unaruka ajabu kati ya sensa ya 1901 na ya 1911. Mtu wa miaka 55 anakuwa wa 71. Kwa waliozaliwa kabla ya 1864, umri wa sensa usiuamini kwa usahihi wa chini ya miaka kumi.

## Swali linaloamua njia: unakijua kitongoji?

Ireland imegawanywa katika kaunti 32, chini yake parokia za kiraia, yaani za kiserikali na si za kanisa, kama 2,500, na chini yake vitongoji zaidi ya 60,000. Kitongoji, ambacho kwenye nyaraka kimeandikwa townland, ni eneo la ardhi lenye mipaka na jina, kubwa au dogo, na ndicho anwani halisi ya mkulima wa karne ya 19. "County Cork" si anwani. Cork ni kaunti kubwa kuliko zote na ina maelfu ya vitongoji.

Ukiwa na kitongoji, njia zote nne ziko wazi kwako. Ukiwa na parokia tu, rejista na vitabu vya ardhi bado vinafanya kazi, ila polepole. Ukiwa na kaunti pekee au neno "Ireland" pekee, usianze Ireland. Anza kule alikohamia. Wengi hawataki kusikia hilo, kisha wanatumia miezi wakimfuata Patrick Kelly ambaye si wao.

| Njia | Miaka | Inachokupa | Gharama | Inapokwama |
|---|---|---|---|---|
| Rejista za parokia | mijini karne ya 18. Magharibi mara nyingi baada ya 1820 hadi 1850. Picha hufika takriban 1880 | wazazi, wasimamizi wa ubatizo, mashahidi | picha ni bure. Faharasa nyingine za kulipia | kitabu kilichochelewa kuanza, majina yanayojirudia |
| Vitabu vya ardhi | 1823 hadi karne ya 20 | nani alishika shamba lipi, na lini lilibadili mikono | nyingi bure | wasio na ardhi. Hakuna neno la undugu |
| Nyaraka za ughaibuni | tangu siku ya kuhama | mahali alikotoka, wazazi, ndugu | inategemea nchi | "Ireland" bila zaidi |
| DNA | vizazi vitano au sita kwa uhakika wa kutosha | ndugu walio hai | mara nyingi chini ya dola 100 kwa kipimo cha kawaida | hakuna mti wa ukoo wa kulinganisha |

## Usajili wa serikali au rejista ya parokia?

Usajili wa ndoa zisizo za Kikatoliki ulianza 1 Aprili 1845. Vizazi, vifo na ndoa zote zilianza kusajiliwa 1 Januari 1864. Kwenye irishgenealogy.ie unaona picha za vizazi vya zaidi ya miaka 100, ndoa za zaidi ya 75 na vifo vya zaidi ya 50. Kaunti sita za Kaskazini baada ya 1921 ziko GRONI, ofisi ya usajili ya Ireland Kaskazini, ambako unalipia kila ukurasa kwa salio.

Watu wengi husoma cheti cha babu yao tu, wakakwama. Usajili wa serikali unafaa zaidi ukisomwa kwa upana. Cheti cha ndoa kinataja baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi pamoja na kazi zao, lakini hakiwataji mama zao. Cheti cha kuzaliwa kinataja jina la ukoo la mama kabla ya ndoa. Cheti cha kifo cha wakati huo hakitaji wazazi hata kidogo, ila kinamtaja aliyetoa taarifa na alikokuwa. Kwa hiyo, kama babu yako aliondoka 1860 kabla ya usajili, mdogo wake aliyeoa 1872 anaweza kukupa jina la baba wa wote wawili, na dada aliyefia nyumbani 1905 anaweza kukuonyesha nyumba iko kitongoji kipi. Tafuta kila ndugu. Mmoja tu hatoshi.

Hitilafu ya kuzoea: cheti kinaonyesha amezaliwa 20 Mei, rejista ya parokia inaonyesha amebatizwa 2 Mei. Hao si watoto wawili. Kuchelewa kusajili kulikuwa na faini, na wazazi walisogeza tarehe mbele. Kwa mtoto wa Kikatoliki, ubatizo ulifanywa siku chache tu baada ya kuzaliwa, basi amini parokia.

Rejista za Kikatoliki zimewekwa mtandaoni na Maktaba ya Taifa ya Ireland tangu Julai 2015, kwenye registers.nli.ie, zikiwa za parokia zaidi ya 1,000. Ni bure, lakini ni picha tupu bila faharasa: unafungua parokia, unachagua mwaka, unasoma mwandiko wa padri ukurasa kwa ukurasa. Faharasa za picha hizo ziko kwenye tovuti za ukoo za Ancestry na Findmypast. RootsIreland ni kitu tofauti: hiyo ina manukuu yaliyofanywa na vituo vya kaunti, mara nyingi kutoka kwenye vitabu vyenyewe, tena hufika miaka ya baada ya 1880 ambako picha za Maktaba huishia. Unailipia. Ushauri wetu ni kwamba, ukijua parokia, soma picha mwenyewe kwanza. Usipojua parokia lakini unajua kaunti, lipia RootsIreland kwa muda mfupi, ukiwa umeandaa orodha ya majina yote utakayotafuta. Kwa Dublin mjini, Kerry na sehemu ya Cork angalia irishgenealogy.ie kabla ya kulipa, maana kuna rejista za kanisa humo humo bila malipo.

Unaposoma picha, jiandae kwa Kilatini. Jacobus ni James, Gulielmus ni William, Joannes ni John. Na hata kwa Kiingereza jina halitulii: Bridget anakuwa Delia, Jeremiah anakuwa Darby, Honora anakuwa Nora. O' na Mac zilidondoshwa na kurudishwa kama upepo ulivyovuma, basi tafuta Sullivan na O'Sullivan kwa pamoja.

Ndoa ilifungwa kwa kawaida parokiani kwa bibi harusi, na mtoto wa kwanza mara nyingi alibatizwa hukohuko kwa kina mama yake. Ukiwaona watoto wote isipokuwa wa kwanza, hamia parokia ya jirani. Na kwa kuwa Wakatoliki hawakufunga ndoa wakati wa Kwaresima, Januari na Februari zimejaa harusi. Ukiwa na muda mchache, soma miezi hiyo kwanza.

Usiwapuuze wasimamizi wa ubatizo. Hawa walikuwa kaka na dada wa wazazi mara nyingi kuliko si hivyo. Waandike wote kwenye jedwali moja pamoja na kitongoji cha kila mmoja. Familia mbili za John Murphy na Mary katika parokia moja hutenganishwa zaidi na wasimamizi kuliko na kitu kingine.

Utaratibu wa majina nao husaidia. Mtoto wa kiume wa kwanza aliitwa kwa babu mzaa baba, wa pili kwa babu mzaa mama. Binti wa kwanza kwa bibi mzaa mama, wa pili kwa bibi mzaa baba. Msomaji wa Kikuyu ataona ni karibu sawa na kwao, tofauti ikiwa kwamba Wakikuyu huanza na bibi mzaa baba. Tofauti iliyopo kubwa ni kwamba Ireland haikuwa sheria. Itumie kupanga utafutaji, usiitumie kama ushahidi.

Inapokwama: kaunti za magharibi kama Mayo, Galway na Donegal, vitabu vingi vinaanza baada ya 1820, vingine baada ya 1850. Hakuna faharasa itakayokupa ukurasa ambao haukuandikwa. Hapo rejista zimekwisha, na ndipo ardhi inapoingia.

## Vitabu vya ardhi

Kuna ngazi tatu, na watu wengi huishia kwenye moja.

Ya kwanza ni Tithe Applotment Books za 1823 hadi 1837: orodha ya wenye mashamba waliotakiwa kulipa fungu la kumi kwa Kanisa la Ireland, wawe Waanglikana au Wakatoliki. Ni bure kwenye tovuti ya Nyaraka za Taifa. Inakupa jina, kitongoji na ukubwa wa ardhi. Miji haimo, na vibarua wasio na shamba hawamo.

Ya pili ni Griffith's Valuation, tathmini ya nchi nzima iliyochapishwa kati ya 1847 na 1864 chini ya Richard Griffith. Askaboutireland.ie inaiweka bure pamoja na ramani zake. Kwa kuwa sensa za wakati huo hazipo, hii ndiyo karibu mbadala wa sensa, ila inamtaja mkuu wa kaya tu na mtu anayemlipa kodi ya pango. Safu ya kwanza ya namba ndiyo isomwe kwa makini. Namba ni kipande cha shamba kwenye ramani. Herufi kubwa ni sehemu ya kipande hicho. Herufi ndogo ni nyumba. Ukiona 7 A a, hiyo ni nyumba ya kwanza kwenye sehemu A ya kipande cha 7. Majina kadhaa yaliyofungwa kwa mabano chini ya namba moja ni watu wanaoshika ardhi kwa pamoja, na huko ndiko ndugu hujificha. Pale wenye jina moja walipozidi, mtathmini aliongeza jina la baba, la utani au neno "mdogo": kwa kina Ryan wa Tipperary hili ni la kawaida sana, na jina hilo dogo ni dhahabu, kwa sababu laweza kuwa jina la babu.

Ngazi ya tatu ndiyo wengi hawaifiki: vitabu vya marekebisho. Baada ya Griffith, maofisa walirudi mara kwa mara kuona nani sasa anashika kila kipande. Jina la zamani lilikatwa kwa mstari, jipya likaandikwa juu yake, na mwaka ukawekwa pembeni kwa wino wa rangi ileile. Rangi ndiyo inayokwambia badiliko lipi ni la mwaka upi. Basi ukiagiza nakala, agiza ya rangi. Nakala ya nyeusi na nyeupe inafuta nusu ya maana. Vya kaunti sita za Kaskazini, 1864 hadi 1933, PRONI, hifadhi ya nyaraka ya Ireland Kaskazini mjini Belfast, imeviweka mtandaoni bure. Vya kaunti 26 viko chini ya Tailte Éireann, shirika la serikali la ardhi mjini Dublin.

Chukua mfano wa kubuni uone vinavyofanya kazi. Sensa ya 1901 inamkuta Thomas Kelly kwenye kitongoji fulani. Kitabu cha marekebisho kinaonyesha Thomas aliandikwa kwenye kipande cha 7 mwaka 1893. Chini ya jina lake, limekatwa jina la Bridget, lililoandikwa 1879. Chini ya Bridget, limekatwa Michael, yuleyule aliyemo Griffith 1852. Sasa una mambo matatu ambayo hakuna cheti kimoja kinachoyasema: Michael alikufa kabla ya 1879, Bridget yaelekea alikuwa mjane wake, na Thomas amerithi. Nenda kwenye vifo, tafuta Michael Kelly kati ya 1875 na 1879 kwenye wilaya hiyo, kwa maana maofisa walichelewa mwaka mmoja hadi mitatu, mara nyingine zaidi. Cheti cha kifo kikisema miaka 70, amezaliwa karibu 1808, na kama kwenye Tithe Books za 1827 kuna Kelly mwingine kwenye kitongoji hichohicho, una mtu wa kumchunguza kama baba. Ukiona muhuri wa L.A.P. pembeni, hapo mpangaji alinunua shamba kwa mkopo wa serikali chini ya sheria za ardhi. Kuanzia hapo familia ina hati, na hati zina majina.

Udhaifu wake usifichwe. Vitabu hivi havisemi neno "mwana" wala "binti". Jina kubadilika kutoka Kelly hadi Burke kunaweza kuwa mauzo, au mkwe aliyeolea nyumbani kwa mke. Na vibarua, ambao ndio waliokufa na kuhama kwa wingi katika njaa kuu ya 1845 hadi 1852, hawamo kabisa au wamo kama herufi ndogo ya nyumba bila shamba. Kwa ukoo wa vibarua, vitabu vya ardhi vitakupa kidogo, na rejista za parokia ndizo tegemeo, pamoja na rejista za magereza na za mahakama ndogo zilizopo Findmypast. Humo Findmypast kuna hata leseni za mbwa, zilizoanza miaka ya 1860: mwenye mbwa, kitongoji chake, na rangi ya mbwa. Usicheke, mbwa alilipiwa kila mwaka, kwa hiyo leseni zinaonyesha mwaka mtu alipotoweka.

## Nyaraka za ughaibuni

Nguvu ya njia hii inategemea nchi, na tofauti ni kubwa kiasi kwamba tungependa uchague ndugu wa kumfuata kwa kuangalia alikohamia.

Scotland ndiyo bora. Tangu 1855 cheti cha kifo na cha ndoa vinataja baba na mama, pamoja na jina la mama kabla ya ndoa. Wairishi walijaa Glasgow, na mara nyingi ndugu mmoja wa ukoo alipita huko hata kama wako alikwenda Boston. Cheti chake cha kifo kinaweza kukupa wazazi waliozaliwa 1790. Victoria na New South Wales kule Australia nazo zinafuata kwa ukaribu. Uingereza ni dhaifu: cheti cha kifo cha huko hakikutaja wazazi.

Marekani ni mchanganyiko. Maombi ya uraia ya kabla ya Septemba 1906 kwa kawaida yanasema "Ireland" tu. Baada ya hapo yanataka mahali na tarehe ya kuzaliwa. Orodha za abiria za kuanzia 1907 zinataja ndugu wa karibu aliyebaki na anwani yake, na anwani hiyo mara nyingi ni kitongoji chenyewe. Kwa waliohama mapema zaidi, kuna hazina mbili: matangazo ya kutafutana yaliyochapishwa na gazeti la Boston Pilot kati ya 1831 na 1921, na vitabu vya wateja vya Emigrant Savings Bank ya New York, benki iliyoanzishwa 1850, ambamo karani aliuliza mteja anatoka wapi na ndugu zake ni kina nani ili kumtambua. Ndoa ya kanisani ni muhimu kuliko ya serikali, kwani padri wa kule mara nyingine aliandika parokia ya nyumbani. Kuanzia 1908 kanisa lilitaka ndoa iandikwe pembeni mwa ubatizo, basi maandishi madogo kando ya ukurasa wa parokia ya Ireland yanaweza kukwambia aliolewa Chicago.

Kwa wasomaji wa Kenya na Tanzania ambao babu au bibi yao alikuwa Mwairishi aliyekuja enzi za ukoloni, Kenya Gazette, gazeti rasmi la serikali, ina matangazo ya mirathi ya waliofia Kenya. Anza hapo, kisha cheti cha kifo, ndipo urudi Ireland. Na kama lengo lako ni uraia wa Ireland kupitia babu au bibi aliyezaliwa kisiwani, usitumie muda kwenye mengi ya haya: wanachotaka ni vyeti vya serikali vya kuzaliwa, ndoa na kifo vinavyounganisha wewe, mzazi na babu. Mti wa ukoo wala DNA havikubaliki badala yake.

## DNA

Kipimo cha kawaida kinalinganisha sehemu za DNA unazoshiriki na watu wengine waliopima, kwa kipimo kinachoandikwa cM (sentimogani). Watu wawili ambao ni vilembwe wa mtu mmoja, yaani wanaoshiriki babu wa babu, wana wastani wa karibu 73 cM, lakini wengine hawana kitu kabisa. Kwa kizazi kinachofuata, nafasi ya kuonekana inashuka hadi karibu nusu. Hesabu hiyo inaonyesha mpaka wake: babu wa babu aliyezaliwa 1830 anafikika, aliyezaliwa 1760 ni bahati.

Kwa hiyo mpime mtu wa kizazi cha juu kuliko wote aliye hai. Shangazi wa miaka 85 ana thamani kuliko wajukuu wake watano. Asilimia za "Ireland" kwenye matokeo haziwezi kukupa jina la mtu. Tatizo la pili ni kwamba familia zilizooana ndani ya parokia moja kwa vizazi huonekana ndugu wa karibu kuliko walivyo. Pale Connemara au visiwani, 40 cM inaweza kutoka kwa mababu watatu tofauti.

AncestryDNA ina kanzidata kubwa kuliko zote, na Wamarekani wenye asili ya Ireland wamejaa humo, basi ndiyo ya kwanza. Tovuti ya GEDmatch inapokea matokeo kutoka kampuni nyingine. Kipimo cha Y cha FamilyTreeDNA kinafuata mstari wa baba hadi baba, na kwa kuwa majina ya ukoo ya Ireland ni ya zamani mno, kinaweza kuonyesha kama Kelly wako na Kelly wa kaunti nyingine wana shina moja. Hakitakwambia kizazi kipi, na ni ghali. Kabla ya kulipa chochote, hakikisha kampuni inatuma vifaa hadi nchini kwako.

DNA inapong'aa ni pale inapojibu swali moja ulilokwisha kuliandaa. Kwenye mfano wetu, kizazi cha Thomas Kelly huenda bado kipo kwenye kipande cha 7. Ukimpata kitukuu wake akakubali kupima, matokeo yatakuunga mkono au kukukatalia. Mweleze kabla kwamba kipimo huibua mambo yasiyotarajiwa, kama mtoto wa nje au aliyelelewa na wengine, na umwache aamue.

## Kwa hali yako

Unajua kaunti tu: ughaibuni kwanza, kwa ndugu wote, kisha RootsIreland. Unajua kitongoji na familia ilibaki Ireland hadi 1901: sensa, vitabu vya marekebisho, kisha parokia. Wakatoliki wa magharibi wa kabla ya 1830: ardhi, halafu DNA kwa mtu uliyemlenga. Waprotestanti wa Ulster, jimbo la kaskazini, waliopoteza rejista: PRONI, na orodha ya 1796 ya wakulima wa kitani yenye majina kama 60,000. Wafanyabiashara na wenye mikataba mirefu: Registry of Deeds ya Dublin, iliyoanza 1708 na haikuungua; mikataba ya maisha ya watu watatu, yaani iliyodumu hadi wa mwisho wa watu watatu waliotajwa afe, mara nyingi ilitaja watoto wa mpangaji pamoja na umri wao. Mpangaji mdogo asitegemee kuonekana humo.

Na ukibaki na watu wawili wenye jina moja na umri mmoja, usichague anayekupendeza. Wafuate wote wawili kwenda mbele: ndoa, watoto, shamba, kifo. Mmoja akionekana kwenye parokia yake mwaka 1868 akibatiza mtoto wakati babu yako tayari yuko New York, umemwondoa. Andika sababu hiyo pembeni ya jina lake kwenye mti, pamoja na tarehe na kitabu ulichokiona, ili atakayefuata asimrudishe.